Ni Saa Moja Tu kwa Ndege



Leo nina hesabu. Si hesabu ya sadaka, usiogope. Ni hesabu ya safari, na naomba uisome hadi mwisho, hasa kama una watoto wawili ng'ambo, mmoja nchi hii na mwingine nchi ile, nawe uko hapa nyumbani umewatia wote katika kapu moja linaloitwa Ulaya.

Kutoka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, hadi Heathrow, uwanja mkubwa wa London, ni kilomita 370 hivi ukipima kwa mstari ulionyooka. Kutoka JKIA hadi Mombasa kwa mstari kama huo ni kilomita 420 na kidogo. Kwa hivyo Amsterdam na London zimekaribiana kuliko Nairobi na Mombasa. Ndege ya abiria ikishatulia angani huenda kama kilomita 800 kwa saa. Gawa 370 kwa 800, unapata dakika 28. Lakini tiketi haisemi dakika 28. Inasema saa moja na robo, au saa moja na dakika ishirini. Tuchukue dakika 80. Zile nyingine 52 zimeenda wapi?

Swali hilo niliuliza mwaka jana, sebuleni mwa mama mmoja wa ushirika wetu, mbele ya watu tisa wenye hasira. Familia imeniruhusu kuandika habari hii bila majina.

Mama huyu ni mjane. Kifungua mimba wake, binti, anafanya kazi ya kutunza wazee huko London. Kitinda mimba, kijana, anasoma Amsterdam. Usiku mmoja binti alishikwa na tumbo, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa usiku huo huo. Alilazwa siku kadhaa, akaruhusiwa, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, na huko hakuna mtu wa kumkorogea uji. Siku kumi zikapita, ndugu yake hajatokea. Wiki mbili. Wiki ya tatu baba yao mkubwa akaitisha kikao, nami nikaitwa.

Huyu mzee alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu. Alikuja na simu mkononi, ameandika majina ya viwanja viwili, na jibu limemtokea: kilomita 370, saa moja na dakika ishirini. Akaizungusha simu kila mtu aone.

"Saa moja tu kwa ndege, Pasta. Mimi kufika hapa nimepanda matatu mbili, saa tatu nzima, na goti langu unalijua. Huyu kijana anashindwaje?"

Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo mzazi akilitamka haliondoki nyumbani kwa urahisi: kwamba kijana huyo asijisumbue kuja hata siku ya kumzika yeye.

Hapo ndipo nilipoomba karatasi na kalamu.

Nilianza na zile dakika 52, kwa sababu mwalimu wa hesabu hujibiwa kwa hesabu. Njia ile nimeipita mwenyewe, nilipoalikwa na ushirika mmoja wa Wakenya huko London nikabadilisha ndege Amsterdam. Nina tabia ya kuangalia saa kila mara, mke wangu anaichukia, lakini siku hiyo ilinifaa.

Kwanza, saa ya ratiba haianzi ndege inaporuka. Inaanza inapoondoka pale ilipoegeshwa, na inaisha inapoegeshwa tena upande wa pili. Schiphol ina barabara sita za ndege. Moja inaitwa Polderbaan, ilifunguliwa mwaka 2003, na iko mbali na jengo la abiria kiasi kwamba imejengewa mnara wake wa pili wa kuongozea ndege. Ukipangiwa kurukia huko, ndege inatembea ardhini dakika 15, pengine 20. Unavuka barabara kuu ya magari ukiwa ndani ya ndege! Unapita mashamba, unaona mitaro ya maji, unaanza kujiuliza kama rubani ameamua kuwapeleka London kwa magurudumu. Eneo lote hilo lilikuwa ziwa. Waholanzi walilikausha kwa pampu za mvuke, wakamaliza mwaka 1852, na mpaka leo uwanja uko kama mita tatu chini ya usawa wa bahari.

Pili, ile kasi ya 800 ndege haiishiki kwa muda mrefu. Safari ni fupi mno. Inapanda, inanyooka kidogo juu ya Bahari ya Kaskazini, na kabla hujamaliza chai inaanza kushuka. Marubani wana kanuni yao: kila futi 1,000 za kushuka zinataka kama maili tatu za baharini kwenda mbele, na maili moja ya baharini ni mita 1,852. Ukiwa futi 24,000 juu, unahitaji maili 72 za kushukia. Hizo ni kilomita 133. Zaidi ya thuluthi ya safari yote ni kuteremka tu. Na chini ya futi 10,000 kwa kawaida ndege hupunguza mwendo hadi noti 250, kama kilomita 460 kwa saa.

Tatu, upepo. Upande ule wa dunia upepo wa juu hupenda kuvuma kutoka magharibi, na London iko magharibi ya Amsterdam, kwa hivyo mara nyingi unakwenda ukiwa umeupa uso. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukikupinga, 800 inakuwa 700, na dakika 28 zinakuwa 32. Ukirudi unakusukuma, unapata 25. Si nyingi. Mzee alizikokotoa mwenyewe kwenye pambizo la karatasi, akaziona ni sawa, akaanza kunisikiliza.

Nne, foleni ya London. Heathrow ina barabara mbili tu za ndege, na zote zimejaa kutoka asubuhi hadi usiku. Ndege zinazofika pamoja husubirishwa angani katika maeneo manne kuzunguka jiji: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin Hill. Zinazotoka Uholanzi hupelekwa mara nyingi Lambourne, upande wa kaskazini mashariki. Zinazunguka moja juu ya nyingine, zikiachana futi 1,000, kama sahani kwenye kabati. Mzunguko mmoja ni kama dakika nne. Ukizungushwa mara tatu, dakika 12 zimekwisha nawe unaiona London chini yako. Ukishatua kuna kutembea ardhini tena, na pengine kungoja ndege nyingine itoke mahali penu.

Jumlisha: dakika 15 ardhini kule, 45 au 50 hewani, nyingine 10 ardhini huku, na chache ambazo shirika hujiwekea za akiba ili lisiitwe la kuchelewa. Dakika 80 zimepatikana.

Kuna mchezo mwingine wa saa, na huu mzee aliupenda kuliko yote. Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja, kiangazi na baridi. Ukiondoka Amsterdam saa nne kamili asubuhi, unafika London saa nne na dakika ishirini. Ukiangalia tiketi bila kujua, utasema safari ni dakika ishirini. Wakati wa kurudi unaondoka saa nne, unafika saa sita na dakika ishirini, na utasema ndege imepotea njiani. Ni ndege ile ile na anga ile ile.

(Njia yenyewe ni ya zamani kuliko bibi zetu. Safari ya kwanza ya shirika la KLM, tarehe 17 Mei 1920, ilikuwa hii hii, kutoka uwanja wa Croydon, London, hadi Schiphol. Ndege ilibeba waandishi wa habari wawili na mafurushi ya magazeti.)

Sasa, wapendwa, mzee alikuwa ametulia, lakini nilijua hesabu ile haimtetei mtu aliyekosekana wiki tatu. Hata ukiongeza treni ya kufika Schiphol, saa mbili za kuwahi uwanjani, mstari wa pasipoti Heathrow na treni ya kuingia mjini, mtu anayeondoka nyumbani asubuhi anakunywa chai ya saa kumi na dada yake. Kilichobaki hakimo kwenye simu ya mzee. Tukampigia kijana, nikaweka spika mezani.

Alishika mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akingoja simu hiyo kwa siku nyingi akiiogopa.

Nilimwomba aanze na kadi yake. Kijana ana kibali cha ukaaji cha Uholanzi. Kwa kadi hiyo na pasipoti yake ya Kenya, jioni ile ile angeweza kupanda ndege hadi Athens, zaidi ya kilomita 2,000, asiulizwe viza. Angeweza kwenda Berlin, Paris, Roma. Nchi hizo zimo katika mapatano ya Schengen, yaliyotiwa sahihi mwaka 1985 katika kijiji kidogo cha Luxembourg chenye jina hilo. Uingereza haijawahi kuingia humo, hata miaka ile ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa Uingereza, kadi ya Uholanzi haimwondolei Mkenya viza. Anaomba kama mtu yeyote aliyeko Nakuru: fomu, ada, miadi ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, taarifa za benki, barua ya chuo, kisha kungoja. Kwa kawaida jibu la viza ya kutembelea huchukua kama wiki tatu baada ya alama za vidole. Ipo njia ya haraka kwa malipo ya ziada, na kijana alitaja kiasi. Sebuleni kukawa kimya. Ilikuwa zaidi ya kodi ya nyumba ya mama kwa miezi kadhaa.

Shangazi mmoja akauliza, kwa nini asipande tu ndege akajieleze mbele? Kwa sababu hafiki mbele. Shirika la ndege likimpeleka Uingereza mtu asiye na viza hutozwa faini, kwa hivyo wanaikagua pasipoti kabla hujaingia ndegeni.

Na treni? Ipo, inapita chini ya bahari katika handaki lililofunguliwa mwaka 1994, na Amsterdam hadi London ni kama saa nne. Lakini ukaguzi wa Uingereza unafanywa kituoni kabla ya kupanda. Na meli? Ipo pia, kutoka Hoek van Holland hadi Harwich, na inangojwa na ukaguzi ule ule. Kijana alikuwa amezitafuta zote. Alizitaja haraka haraka, kama mtu anayesoma orodha aliyoichosha.

Nadhani najua kwa nini sisi huku jambo hili halituingii. Kutoka Nairobi hadi Entebbe ni kilomita 520 kwa ndege, na tangu mwaka 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu. Watu wetu wanalala Nairobi wanaamka Kampala kwa basi wakiwa na kitambulisho mfukoni na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko. Mpaka kwetu ni mahali pa kushuka, kupanga mstari na kununua soda. Mtu aliyelelewa hivyo akisikia kilomita 370, anaona kilomita 370.

Mama aliuliza swali moja tu. Aliliuliza akiiangalia karatasi, si simu.

"Kwa hivyo mimi hapa na yeye kule, tuko umbali sawa na dada yake?"

Kijana akasema, "Ndiyo, Mama. Tungeomba siku moja, tungengoja mstari mmoja."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Akasema alijaribu, ila kila mara alipoanza kueleza aliambiwa ni saa moja tu kwa ndege. Alipoona analosema linaonekana kisingizio, akaacha. Akawa anapiga simu kwa dada yake badala ya nyumbani.

Hilo la kumpigia dada yake tulilipata kwa dada mwenyewe, kesho yake. Alituambia kwamba tangu arudi chumbani kwake ndugu yake anampigia kila usiku, wanaacha simu wazi mpaka apitiwe na usingizi, kwa sababu aliogopa kulala peke yake na kile kidonda. Mara nyingine kijana anasoma vitabu vyake vya chuo kwa sauti, mambo ya uhandisi wa maji, na binti anasema hakuna dawa ya usingizi iliyomfaa kuliko hiyo. Wiki tatu. Watu tisa tulikuwa kwenye kikao na hakuna aliyekuwa amempigia mgonjwa kumuuliza kama ndugu yake amemtupa.

Usiku ule nilisoma tena Yohana 11. Mnaijua habari: Lazaro anaumwa Bethania, dada zake wanatuma ujumbe, Bwana anakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa, na anapofika marehemu ana siku nne kaburini. Yohana anaweka na umbali, stadi kumi na tano kutoka Yerusalemu, kama kilomita tatu, kueleza jinsi watu wa mjini walivyoweza kufika matangani. Majirani walifika. Aliyetumiwa ujumbe hakuwa amefika. Nami nimeona jambo moja: Martha anapokutana naye njiani anamwambia maneno fulani ya lawama, na Mariamu anapokuja baadaye, bila kuwa pale dada yake aliposema, anarudia karibu maneno yale yale. Nadhani walikuwa wameambiana maneno hayo ndani ya nyumba siku zote nne. Ndivyo lawama ya aliyechelewa inavyokua. Inapikwa jikoni na waliobaki, kila mmoja akiongeza chumvi, na anapofika inakuwa imeiva. Pale Bethania, hata hivyo, walimwambia usoni, naye akawasikiliza, akalia nao. Hawakumfungia mlango.

Nilimtumia mama sura hiyo asubuhi. Hakujibu, ila alama mbili za buluu zilionekana.

Viza ilitoka. Kijana alifika London siku ya 33 tangu dada yake apasuliwe. Alikaa dirishani upande wa kulia, kama nilivyomshauri, kwa sababu upepo ukitoka magharibi ndege hushuka ikipita kusini ya katikati ya jiji, na wa kulia ndio wanaouona mto Thames na minara yote. Alikuwa hewani dakika 47, nilimwambia azihesabu. Mstari wa pasipoti ulikuwa mrefu kuliko safari ya angani. Kisha treni, kisha basi, kisha ngazi mbili za kupanda, na dada yake akamfungulia akiwa amevaa leso aliyotumiwa na mama kutoka nyumbani. Kufikia hapo alikuwa amepona kiasi cha kumpikia yeye ugali.

Baba mkubwa alinipigia siku hiyo saa tatu usiku kuuliza walizungushwa mara ngapi pale Lambourne. Nikamwambia kijana amesema mara moja. Akasema, "Dakika nne basi," akakata simu.

Mama hajayafuta kwa mdomo yale maneno ya siku ya kikao, nami sijamsukuma. Jumapili iliyofuata baada ya ibada alinivuta kando karibu na hema la watoto, akanipa shilingi elfu tatu zilizokunjwa ndani ya karatasi, akaniomba nizitume mimi kwa sababu hajui zinavyotumwa huko. Nikamuuliza ni za nini. Akasema ni za nauli ya ile treni ya kutoka uwanjani kwenda mjini, maana amesikia ni ghali.